Nenosiri Lililosahaulika: Kufumbua Furushi la Faili na Mchango wa Isimu ya Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanafafanua tatizo linaloweza kumkabili mtafiti yeyote wa lugha na fasihi katika enzi hii ya tarakilishi: kusahau nenosiri la faili zilizobanwa pamoja na kufumbwa. Yanaeleza namna faili hizo zinavyofungwa, sababu ya baadhi ya kufuli kuvunjika kwa urahisi ilhali nyingine hazivunjiki, na hatua anazoweza kuzifuata mwenye mali anayetaka kuirejesha mali yake. Hoja kuu ni kwamba kazi ya kurejesha nenosiri ni ya kiisimu kabla ya kuwa ya kihisabati. Kinachotafutwa ni matini fupi iliyoundwa na mtu ndani ya lugha yake, na maarifa ya fonolojia na mofolojia ya Kiswahili hupunguza mno idadi ya maneno yanayostahili kujaribiwa. Makala yanagusia pia mipaka ya sheria na maadili, na kupendekeza kinga.

1.0 Utangulizi

Wahenga walinena kwamba fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huling'amua. Hawakutaja hali ya mfumbaji anayelisahau fumbo lake mwenyewe.

Chukua mfano wa mtafiti wa fasihi simulizi aliyekwenda nyanjani na kuwarekodi malenga wazee. Kabla ya kuanza kuwahoji, aliwaahidi kuwa sauti zao hazitasikizwa na mtu asiyehusika. Aliporejea chuoni, alizikusanya faili za sauti, unukuzi wake na fomu za ridhaa, akazibana katika faili moja, akaifunga kwa nenosiri na kuzifuta nakala zilizokuwa wazi. Baada ya miaka mitatu, msimamizi wake anataka kuusikiliza ubeti mmoja kwa kuwa unukuzi wake unatia shaka. Mtafiti anaandika nenosiri analodhani ndilo, na tarakilishi inamjibu kwamba si sahihi. Anarudia mara ya pili, ya kumi, ya hamsini. Malenga aliyeutoa utenzi huo ameshafariki dunia, kwa hivyo hakuna wa kuhojiwa upya. Sauti yake imo ndani ya faili ile. Haijapotea, lakini haisikiki.

Swali linalozuka ni je, mtafiti huyo afanyeje? Je, faili hiyo inaweza kufunguliwa? Jibu linategemea mambo matatu: aina ya kufuli iliyotumika, kiasi anachokumbuka kuhusu nenosiri lake, na kuwepo au kutokuwepo kwa nakala ya sehemu yoyote ya kilichofungwa. Makala haya yatayachunguza mambo hayo moja baada ya jingine.

2.0 Istilahi

Kwa kuwa istilahi za uwanja huu hazijatulia, ni vyema kuzibainisha mapema. Maneno nenosiri, neno la siri na nywila hutumiwa yote kwa maana moja. Makala haya yanatumia nenosiri kwa sababu muundo wake unajieleza wenyewe: ni neno, tena ni siri. Faili moja inayobeba faili nyingi zilizobanwa itaitwa furushi, kwani kazi yake ni ile ile ya furushi la msafiri, yaani kukusanya vitu vingi na kuvifunga pamoja ili vibebeke kwa wepesi.

Kitendo cha kugeuza maandishi yasomeke tu na mwenye ufunguo huitwa na baadhi ya watumiaji usimbaji fiche. Hapa pametumiwa kufumba, na kinyume chake kufumbua. Uteuzi huu una faida ya kimofolojia: kiambishi cha kutendua kinabeba maana ileile inayobebwa katika funga na fungua, ziba na zibua. Aidha, unaihusisha taaluma hii mpya na sanaa ambayo Waswahili wameijua tangu jadi, ile ya mafumbo na vitendawili. Tofauti ni kwamba anayeshindwa kutegua kitendawili huombwa mji, kisha akapewa jibu. Tarakilishi haipokei mji.

3.0 Furushi Hufungwaje?

Kubana na kufumba ni vitendo viwili tofauti ingawa hufanywa na programu moja. Kubana ni kupunguza ukubwa wa faili kwa kuondoa marudio. Mhariri wa diwani anapochapisha wimbo wenye kibwagizo hakirudii kibwagizo chote baada ya kila ubeti. Huandika neno moja tu la kumkumbusha msomaji akirudie. Programu za kubana hufanya vivyo hivyo. Msingi wa mbinu hiyo uliwekwa na Abraham Lempel na Jacob Ziv katika kazi yao ya mwaka 1977. Mwaka 1989, Mmarekani Phil Katz alitoa programu ya PKZIP, ambayo ndiyo chimbuko la mafurushi ya ZIP yanayotumika hadi leo. Mengine mashuhuri ni RAR, yaliyobuniwa na Mrusi Eugene Roshal mwaka 1993, na 7z, ya programu ya 7-Zip iliyotungwa na Igor Pavlov, ambaye pia ni Mrusi.

Kufumba hufuata baada ya kubana. Hapa ndipo penye dhana ambayo watumiaji wengi huikosea. Wengi hudhani kwamba nenosiri limehifadhiwa mahali fulani ndani ya furushi, na kwamba fundi hodari anaweza kulichokoa. La hasha. Nenosiri halihifadhiwi. Mtumiaji anapoliandika, programu hulipitisha katika mfululizo wa hesabu zinazozaa ufunguo, na ufunguo huo ndio unaotumiwa kufumba maandishi. Baada ya kazi hiyo, nenosiri na ufunguo vyote hutupwa. Kinachobaki ni alama ndogo ya kupimia tu, inayoiwezesha programu kutambua kama nenosiri litakaloandikwa siku nyingine linaelekea kuwa sahihi. Kwa sababu hiyo, hata kampuni iliyotengeneza programu haina uwezo wa kumtajia mtu nenosiri lake.

Kinachowezekana ni kukisia. Neno moja huchukuliwa, hupitishwa katika hesabu zile zile, na matokeo yake kulinganishwa na alama ya kupimia. Lisipolingana, huchukuliwa jingine. Tofauti kati ya mtu na tarakilishi katika kazi hii ni kasi tu. Tarakilishi haichoki.

4.0 Kufuli Dhaifu na Kufuli Madhubuti

Kasi hiyo ya kukisia hutegemea aina ya kufuli. ZIP ya kale ilitumia mbinu ya kufumba inayohifadhi hali yake katika funguo tatu za ndani, kila moja ikiwa na biti 32, yaani biti 96 kwa jumla. Hesabu zake ni nyepesi mno, hivyo tarakilishi ya kawaida huweza kujaribu mamilioni ya maneno kwa sekunde moja. Zaidi ya hayo, mbinu hiyo ina kasoro ya kimaumbile itakayoelezwa katika sehemu ya 5.4. Licha ya kasoro hiyo kujulikana tangu mwaka 1994, baadhi ya programu bado huitumia ili mafurushi yake yafunguke katika tarakilishi yoyote.

Mnamo mwaka 2003, WinZip ilianza kutumia mbinu ya AES, ambayo ni kiwango rasmi cha serikali ya Marekani tangu mwaka 2001. Hakuna njia inayojulikana ya kuivunja AES yenyewe. Kinachobaki ni kulikisia nenosiri, na hata kukisia huko kumefanywa kuwe kwa polepole kimakusudi. Badala ya nenosiri kupitishwa katika hesabu mara moja, hupitishwa mara nyingi mfululizo: mara 1,000 katika ZIP ya aina hiyo, mara 32,768 kwa kawaida katika RAR ya toleo la 5 iliyotolewa mwaka 2013, na mara 524,288 kwa kawaida katika 7z. Mwenye furushi anayelijua nenosiri lake hupoteza muda mfupi tu kila anapolifungua. Mkisiaji, kwa upande wake, hulipa gharama hiyo kwa kila neno analolijaribu.

Athari yake inadhihirika katika takwimu. Nenosiri la herufi na alama 8 zilizoteuliwa kiholela kutoka kwenye alama 95 za kibodi lina uwezekano wa 6,634,204,312,890,625. Mtu mwenye uwezo wa kujaribu maneno 1,000 kwa sekunde angehitaji zaidi ya miaka 200,000 kuyamaliza yote. Hata akiongeza kasi hadi maneno milioni moja kwa sekunde, bado angehitaji zaidi ya miaka 200. Kutokana na hali hii, ni dhahiri kwamba kujaribu kila kitu si mkakati unaofaa. Mkakati ni kupunguza kinachojaribiwa.

5.0 Njia za Kurejesha

5.1 Kabla ya Kukisia

Hatua ya kwanza ni kutofuta chochote. Furushi linakiliwe katika diski nyingine, na majaribio yafanywe kwenye nakala. Hatua ya pili ni kutafuta vilivyofungwa nje ya furushi. Mara nyingi mtu hupigana na kufuli ilhali dirisha liko wazi: kinasa sauti chenyewe huenda bado kina rekodi, kipakatalishi cha zamani huenda kina folda ya awali, na baruapepe zilizotumwa kwa msimamizi huenda zimebeba viambatisho. Pipa la taka la tarakilishi pia lichunguzwe, na diski isitumiwe kwa kazi nyingine kabla ya fundi kuikagua, kwani faili iliyofutwa huendelea kuwepo kwenye diski za kawaida hadi nafasi yake itakapoandikwa juu.

Hatua ya tatu ni kuchunguza makosa ya uandishi. Huenda nenosiri analolikumbuka mtafiti ni sahihi, na kosa liko vidoleni. Lijaribiwe kwa herufi kubwa tupu, kwa herufi kubwa mwanzoni (kama simu nyingi zinavyofanya pasi na kuombwa), kwa nafasi iliyoachwa mwishoni, na kwa kibodi ya mpangilio mwingine.

5.2 Kumbukumbu kama Kiolezo

Mtu aliyesahau nenosiri ni nadra kulisahau lote. Hukumbuka kwamba lilianza kwa jina la mahali, au kwamba lilikwisha kwa mwaka. Vipande hivyo vina thamani kubwa kuliko tarakilishi yenye nguvu. Tuseme mtafiti anakumbuka kwamba nenosiri lake lilikuwa jina la mojawapo ya kaunti 47 za Kenya, likianza kwa herufi kubwa au ndogo, likifuatwa na mwaka ulio kati ya 1960 na 2025, na kumalizikia kwa mojawapo ya alama kumi. Hesabu yake ni 47 mara 2 mara 66 mara 10, yaani maneno 62,040. Kwa kasi ya maneno 1,000 kwa sekunde, orodha nzima humalizwa kwa takriban dakika moja.

Programu mbili zinazotumiwa sana kwa kazi hii, John the Ripper na hashcat, hupatikana bila malipo. Zote mbili hukubali orodha za maneno pamoja na violezo, yaani maelezo ya kile kinachoruhusiwa katika kila nafasi ya nenosiri. John the Ripper huambatana na programu ndogo ndogo zinazotoa kwenye furushi la ZIP, RAR au 7z data inayohitajika kupimia kila kisio. Kabla ya kuanza, inafaa mtafiti akae chini na kalamu. Aandike manenosiri yake yote ya miaka ile, majina ya watu na mahali yaliyokuwa akilini mwake, tarehe za safari, na mazoea yake ya kubadilisha a kuwa @ au s kuwa $. Ukurasa huo ndio malighafi ya orodha.

5.3 Mchango wa Isimu

Hapa ndipo mwanafunzi wa Kiswahili anapokuwa na silaha ambayo fundi wa tarakilishi huenda hana. Claude Shannon alionyesha katika tafiti zake za mwaka 1948 na 1951 kwamba maandishi ya lugha ya binadamu yana ziada nyingi: herufi zilizotangulia humsaidia msomaji kuibashiri inayofuata. Lugha hairuhusu kila mfuatano wa sauti. Nenosiri lililoundwa kwa lugha basi linarithi vikwazo vya lugha hiyo.

Zingatia muundo wa silabi. Maneno ya herufi ndogo 6 yaliyoteuliwa kiholela kutoka alfabeti ya herufi 26 ni 308,915,776. Hata hivyo, silabi ya kawaida ya Kiswahili ni konsonanti ikifuatwa na irabu. Kwa kuhesabu konsonanti 18 zinazoandikwa kwa herufi moja pamoja na irabu 5, silabi za aina hiyo ni 90. Maneno ya silabi tatu, kama vile samaki, kalamu, daraja na sahani, hayawezi kuzidi 90 mara 90 mara 90, yaani 729,000. Idadi imepungua kwa zaidi ya mara 400. Kazi ambayo ingechukua siku tatu na nusu kwa kasi ya maneno 1,000 kwa sekunde sasa inachukua dakika kumi na mbili. Ni kweli kwamba violezo vya ziada vitahitajika kwa maneno yenye ch, sh, mb, nd, ng' na kadhalika; hata hivyo, violezo hivyo vyote huorodheshwa kwa urahisi na mtu aliyesoma fonolojia ya lugha hii.

Mofolojia nayo inafanya kazi kwa mwelekeo wa kinyume. Badala ya kupunguza, inafichua kile ambacho kamusi haikuonyesha. Orodha za maneno zilizotungwa kwa Kiingereza hazitoshi, na hata kamusi ya Kiswahili haitoshi, kwa kuwa kamusi huorodhesha penda bali si tulimpenda. Mzizi mmoja wa kitenzi ukipewa viambishi sita vya nafsi, viambishi vinne vya njeo (-na-, -li-, -ta-, -me-), na nafasi ya mtendwa yenye chaguo sita ikiwemo ile tupu, huzaa maumbo 144. Ukiongezewa mnyambuliko katika kauli tano, kama vile penda, pendea, pendana, pendwa na pendeza, maumbo hufikia 720, hata kabla ya kuondoa yale ambayo sarufi huyakataa. Programu fupi inaweza kuyazalisha yote, mradi anayeiandika aijue sarufi yenyewe.

Isimujamii pia ina nafasi yake. Watu hawaandiki manenosiri kwa Kiswahili sanifu. Kijana wa jijini Nairobi aliyezoea kuandika ujumbe mfupi wa simu huenda aliandika xaxa kwa maana ya sasa, cjui badala ya sijui, au 2ko badala ya tuko. Mwenyeji wa pwani huenda alitumia umbo la lahaja yake. Anayetunga orodha lazima ajiulize nenosiri liliundwa na nani, mwaka gani, na katika rejista ipi. Haya ni maswali yale yale anayojiuliza mhakiki wa matini.

5.4 Matini Inayojulikana

Mnamo mwaka 1994, Eli Biham na Paul Kocher walionyesha kwamba kufuli ya ZIP ya kale inaweza kufunguliwa pasi na kulikisia nenosiri hata kidogo. Sharti lake ni kwamba mfumbuaji awe na sehemu ndogo ya matini iliyo wazi ambayo anajua kwamba imo ndani ya furushi. Baiti zipatazo kumi na tatu zilitosha. Programu ya siku hizi iitwayo bkcrack huhitaji baiti 12, ambazo angalau 8 kati yazo zimefuatana.

Mantiki yake si ngeni kwa wanaisimu. Maandishi ya kale ya Misri yalisomeka baada ya kupatikana kwa jiwe la Rosetta mwaka 1799, lililobeba tangazo moja kwa maandishi matatu, mojawapo likiwa la Kigiriki kilichojulikana. Jean-François Champollion alitangaza ufumbuzi wake mwaka 1822. Matini moja inapopatikana kwa sura mbili, ile inayosomeka huwa ufunguo wa isiyosomeka. Katika ZIP, tofauti ni kwamba kinachopatikana ni zile funguo tatu za ndani wala si nenosiri lenyewe. Hilo halina madhara, kwa sababu faili zote zilizofungwa kwa nenosiri hilo hufumbuliwa kwa funguo hizo hizo.

Turejee sasa kwa mtafiti wa utangulizi. Miongoni mwa faili alizozifunga mlikuwa na fomu ya ridhaa, na fomu hiyo alikuwa amemtumia msimamizi wake kwa baruapepe. ZIP ya kale haifichi majina ya faili wala ukubwa wake, na huonyesha pia namba ya ukaguzi ya kila faili. Kwa kulinganisha ukubwa na namba hiyo, mtafiti anaweza kuthibitisha kwamba fomu iliyo katika baruapepe ndiyo ile ile iliyo ndani ya furushi. Lililobaki ni kuibana upya kwa programu ile ile iliyotumika mwanzoni, ili baiti zake zilingane na zilizofumbwa, kisha kuipa bkcrack. Karatasi ambayo haikuwa na siri yoyote inaweza kuikomboa sauti ya marehemu.

Hata asiyekuwa na matini kama hiyo hajakosa matumaini. Michael Stay alichapisha mwaka 2001 makala kuhusu namna ya kuivunja ZIP ya kale kwa matini chache zaidi. Miaka mingi baadaye, mwaka 2019, alitafutwa na mtu aliyekuwa amefungia funguo za sarafu za bitcoin katika furushi la ZIP na kulisahau nenosiri. Sarafu hizo zilinunuliwa kwa takriban dola 10,000 mwaka 2016 na thamani yake ilikuwa imepanda hadi kiasi cha dola 300,000. Mbinu ya awali ilihitaji faili tano ndani ya furushi, lakini furushi hili lilikuwa na mbili tu. Stay na wenzake waliiboresha mbinu, wakatumia kadi za michoro zenye nguvu, na hatimaye wakafaulu. Alikisimulia kisa hicho katika mkutano wa DEF CON mwaka 2020.

Ikumbukwe kwamba njia hii haifanyi kazi dhidi ya AES. Mwenye furushi la AES, RAR ya siku hizi au 7z hana budi kurudi kwenye kumbukumbu na isimu. Iwapo nenosiri lilikuwa refu na la kiholela, tena halikuandikwa popote, ni uungwana kukubali kwamba furushi hilo halitafunguka.

6.0 Mipaka ya Sheria na Maadili

Maarifa yanayofungua kufuli ya mwenyewe hufungua pia ya jirani. Nchini Kenya, Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandaoni, ilipotungwa mwaka 2018, iliweka adhabu ya faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili, kwa anayeingia katika mfumo wa tarakilishi bila idhini. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 nayo inamtaka anayehifadhi taarifa za watu azilinde. Kwa hivyo, yaliyoelezwa hapa yanamhusu mwenye furushi, au aliyepewa ruhusa naye.

Suala la maadili ni zito zaidi kwa mtafiti. Kuna tovuti zinazoahidi kufungua furushi lolote mradi mtumiaji alipakie kwao. Mtafiti anayefanya hivyo anamkabidhi mgeni asiyemjua sauti alizoahidi kuzitunza. Ikiwa atafanikiwa, ahadi imevunjwa. Ikiwa hatafanikiwa, ahadi imevunjwa vilevile. Aidha, baadhi ya programu zinazodai kufungua kila kitu kwa dakika moja ni mitego ya kuingiza virusi. Kazi hii ifanyiwe katika tarakilishi ya mtafiti mwenyewe, kwa programu zilizopatikana kwa watungaji wake.

7.0 Kinga

Majuto ni mjukuu, na mjukuu huyu hana huruma. Kinga ya kwanza ni kuteua nenosiri refu linalokumbukika. Wapo wanafunzi wa fasihi wanaodhani kuwa methali ni chaguo bora kwa sababu ya urefu wake. Hilo ni kosa. Methali ni mali ya umma: ndefu au fupi, kwa mkisiaji ni kipengele kimoja tu katika orodha. Vivyo hivyo kwa mshororo wa shairi mashuhuri. Wala mtu asijifariji kwamba Kiswahili hakijulikani na wavunjaji. Auguste Kerckhoffs alisisitiza mwaka 1883 kwamba usalama wa mfumo usitegemee ujinga wa adui kuhusu mfumo, bali utegemee ufunguo peke yake.

Njia bora ni ile iliyopendekezwa na Arnold Reinhold mwaka 1995, ya kuteua maneno kwa kurusha dadu. Orodha yake ina maneno 7,776, na kila neno huteuliwa kwa kurusha dadu mara tano. Maneno matano yaliyoteuliwa hivyo huwa na uwezekano mwingi kuliko alama 8 za kiholela zilizotajwa awali, na mtu anaweza kuyaunganisha kwa kisa kifupi cha kuchekesha ili ayakumbuke. Orodha kama hiyo ya Kiswahili, yenye maneno mafupi yasiyochanganyika kimatamshi, ni kazi inayofaa kufanywa na chama chochote cha wanafunzi.

Kinga ya pili ni karatasi. Nenosiri liandikwe, litiwe katika bahasha iliyofungwa, na kuwekwa mahali salama mbali na tarakilishi, kwa mfano kwa msimamizi. Kinga ya tatu ni kulifungua furushi kwa kuliandika nenosiri upya, siku ile ile, kabla ya kuifuta nakala iliyo wazi.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba kurejesha nenosiri lililosahaulika si uchawi wala si jambo lisilowezekana daima. Kufuli ya ZIP ya kale hufunguka kwa mwenye matini kidogo inayojulikana. Kufuli za siku hizi hufunguka kwa mwenye kumbukumbu ya kutosha na orodha iliyotungwa kwa busara, na hukataa kwa asiye navyo. Yameonyesha pia kwamba taaluma za silabi, viambishi na rejista zinamsaidia mtu aliyefungiwa nje ya mali yake.

Fasihi simulizi ya Waswahili ilihifadhiwa kwa karne nyingi katika vichwa vya watu, na iliposahauliwa na mmoja ilikumbukwa na mwingine. Mtafiti anayeihamishia katika furushi lenye ufunguo mmoja ameiondolea kinga hiyo ya kale. Ni wajibu wake basi kuhakikisha kwamba ahadi ya kuitunza siri ya malenga inakwenda sambamba na ahadi ya kutoipoteza sauti yake.